Ndama Yule Hakufa kwa Kupe

Skola mwanangu,

Umeondoka saa nne na bodaboda kwenda Kibondo kukata tiketi ya kwenda chuo cha mifugo na kugongesha muhuri fomu ya daktari, na umesema utarudi kabla ya kukamua jioni. Basi nina saa chache. Nimekaa mezani, mlango nimeutia komeo, ingawa hakuna mtu wa kuingia.

Nimeianza barua hii mara tatu. Mara zote tatu nimejikuta naandika juu ya chandarua, na kuchemsha maji, na kutomwazima mtu sufuria yako. Karatasi hizo nimezichana. Mambo hayo unayajua kuliko mimi, na nimeyaandika kwa sababu ni rahisi.

Nataka kuandika juu ya yule ndama.

Unajua ni yupi. Bihogo amezaa mara sita tangu aingie katika boma hili, lakini kati yangu na wewe ukisema "yule ndama" ni mmoja tu, na hatumsemi. Hakufa kwa kupe, Skola. Hakufa kwa sababu ulimvusha barabara. Alikufa kwa sababu yangu, na nimelijua hilo tangu wiki aliyokufa.

Nimeinuka nikanywa maji. Nimerudi, na maneno bado yapo pale nilipoyaandika. Ngoja nikueleze, na uniwie radhi nikizunguka, maana kila ninapokaribia mahali penyewe mkono unataka kwenda kwingine.

Ulizaliwa nikiwa nasubiri majibu ya kidato cha sita. Ulikuwa na miezi minane nilipokuachisha kunyonya na kukuacha Kasulu kwa bibi yako ili niende chuo cha ualimu. Bibi yako hakunikemea. Alisema tu, "Nenda, mwana wanje. Maziwa ya kununua nayo ni maziwa." Baadaye mama yako mdogo akaniambia kwamba muuza maziwa wa pale mtaani alikuwa anayatia maji, na kwamba mikono yako ilikuwa imekonda. Kuanzia hapo, chuoni, kila nilipoona mtoto ameshika kikombe nilichungulia rangi ya kilichomo. Nilipopangiwa kufundisha hapa Busunzu na kukuchukua, ukiwa na miaka sita, nilitaka ng'ombe kabla sijataka hata kiti cha kukalia mgeni.

Ndipo nikajiunga na kile kikundi cha akina mama. Utaratibu wake unaujua, lakini nauandika ili mimi mwenyewe nisiukwepe. Mtu anapewa mtamba mwenye mimba, bure. Ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wake; anampa jirani anayemfuata kwenye orodha, na jirani huyo naye atampa mwingine. Wenzetu walikuwa wameongeza kitu chao ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote: yule anayesubiri ndama huja kila Jumamosi na mzigo wa majani kwa ng'ombe wa mwenzake. Walisema ndama anaanza kulishwa na mwenyewe angali tumboni. Mimi nilikuwa na Bihogo. Aliyenifuata alikuwa Mama Yusta.

Bihogo alipozaa mara ya kwanza alizaa dume, kwa hiyo zamu ya Mama Yusta ikasogea hadi uzao wa pili. Hakulalamika. Alikuwa ameshapanda matete kwenye matuta yote ya shamba lake la juu, na mume wake alikuwa ameshachimbia nguzo za banda. Kila Jumamosi tuliona mzigo wa matete unatembea barabarani, miguu tu ikionekana chini yake, kisha sauti yake: "Hodi kwa Mwalimu! Nimemletea mkwe wangu chakula!" Wewe ulikuwa unakimbia kumpokea, anakwambia, "Wewe mdogo, mkwe huyu anakula kama askari. Mwambie mama yako ampunguzie lita, atambakizia nini mwanangu?" Tulicheka wote watatu. Yeye alikuwa anatania. Sijui kama nusu yake alikuwa hatanii.

Maana Bihogo alikuwa anakamuliwa, Skola, na mimi nilikuwa nimelewa. Sina neno lingine. Mwalimu kijana, mwenye mtoto na asiye na mume, aliyekuwa anapita sokoni watu wakinong'ona, ghafla anaitwa Mwalimu wa Lita. Mzee Shabani mwenye mgahawa kule Kibondo alikuwa anawaambia wateja wake kwamba chai yake ni tamu kwa sababu maziwa yanatoka kwa msomi. Wanawake walikuja kuniuliza nampa ng'ombe nini. Nilikuwa nawajibu kirefu, kama niko darasani: majani kwanza, yawe mabichi na yakatwe mafupi, maji yasikauke kihorini kwa sababu maziwa karibu yote ni maji, kisha pumba na mashudu kwa kadiri ya anachotoa. Yote ni kweli. Utayafundishwa hivyo hivyo.

Nilijua na kile kingine. Kikundi kilitupeleka Kasulu kwa semina ya siku tatu, na bwana mifugo aliyetufundisha, mwanaume mfupi mwenye sauti ya ukali, aligonga meza akasema, "Akina mama, miezi miwili kabla ya kuzaa, mkaushe! Acheni kukamua! Hata kama kuna mtu amepanga foleni na kikombe!" Mama Yusta akauliza, "Na kama chai imezoea maziwa?" Akajibiwa, "Chai inywewe ya rangi. Ndama hana chai ya rangi." Watu wakaangua kicheko. Mimi niliandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Unaelewa? Ningekuwa sijui, barua hii ingekuwa fupi.

Alieleza hata sababu. Ng'ombe mwenye mimba kubwa anagawa anachokula mara tatu: mwili wake, aliye tumboni, na chuchu. Chuchu zikiendelea kuvutwa kila siku, zinachukua fungu lao bila kuuliza. Na zile wiki za kupumzika ndizo kiwele kinatengeneza dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na ndani ya dang'a ndimo ilimo kinga yote ya ndama, kwa sababu anazaliwa hana hata kidogo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Habari za kinga ya mwili nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kila mwaka.

Ilipofika miezi miwili kabla ya kuzaa, Bihogo alikuwa bado anatoa lita nne. Nilimwambia Mzee Shabani kwamba inabidi nisimame kidogo. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniponza. "Mwalimu, mimi nitakusubiri," akasema, "lakini mteja wa chai hasubiri. Akizoea kwa mwingine, hata mimi simrudishi." Nikajiambia nitakamua wiki mbili tu zaidi. Wiki mbili zikaisha. Lita zikashuka hadi tatu, na badala ya kusikia ng'ombe anachoniambia, nikamwongezea pumba na machicha ya pombe niliyoomba kwa mama mmoja anayepika. Zikapanda tena kidogo. Nilifurahi! Nakumbuka nilivyofurahi, nimeinua ndoo kuipima kwa jicho, na wewe umesimama mlangoni umenitazama. Mbavu zake zilikuwa zimeanza kuonekana. Nilisema ni mimba inavuta.

Na kila Jumamosi mzigo wa matete ulikuja. Mama Yusta aliamini analisha ndama wake. Nilikuwa nayakamua matete yake na kuyapeleka Kibondo.

Nilimkamua hadi siku nne kabla hajazaa.

Ndama alikuwa jike. Mama Yusta alipiga vigelegele tangu kwenye geti. Lakini ndama, aliyezaliwa alfajiri, alisimama mchana, wakati ndama mzima husimama ndani ya saa moja, na dang'a ilitoka nyepesi na nyeupe, kama maji yaliyosuuziwa chupa ya maziwa. Niliitazama kwenye kiganja changu, nikajua. Nilimnywesha hivyo hivyo, nikaosha mkono. Wiki ya pili akaanza kuharisha. Nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikamfunika kwa khanga yangu, na sikumwambia mtu nilichokijua.

Jumatano ya wiki ya tatu nilikwambia, "Mtoe nje apate jua." Ni mimi niliyekwambia. Ukamtoa, ukavuka barabara kwa watoto wenzako waliokuwa na mbuzi, kwa sababu ulikuwa na miaka tisa na wenzako walikuwa upande wa pili. Ulimrudisha na kupe wawili sikioni. Ijumaa akafa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo utakalolikuta darasani na sitaki ulikute huko. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, haiui hivyo. Kupe akimuuma ndama leo, ugonjwa unakaa wiki nzima au zaidi kabla haujajionyesha. Kutoka Jumatano hadi Ijumaa haiwezekani. Mwalimu wenu ataandika siku hizo ubaoni, wewe utazihesabu, na utaacha kalamu. Kisha kipindi kingine mtasoma habari za kumkausha ng'ombe, na hapo utanikumbuka mimi na ndoo yangu. Nimekuwa nikiliona jambo hilo tangu barua ya chuo ilipofika: wewe katika dawati, watu usiowajua pande zote, na mimi siko.

Waliokuja kumzika walisimama pale bandani. Mama Yusta alikuwa amechuchumaa, ameshika kwato ya ndama. Mwenyekiti wetu wa kikundi ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, imekuwaje?"

Nilikuwa na sentensi mbili kinywani. Nikaitoa hii: "Alivushwa barabara juzi, akaokota kupe."

Sikusema nani alimvusha. Sikuhitaji. Wote waligeuka wakakutazama wewe, ulikuwa na jagi la maji ya kunawa mkononi. Mama mmoja akasema, "Yoo, watoto hawa!" Mwingine akasema ni bahati mbaya, mtoto ni mtoto. Walipoondoka ukanifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, ni mimi?"

Nikakujibu, "Yameshapita, mwanangu."

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka minane. Nilijiambia kwamba sikukulaumu, na kweli sikukulaumu. Nilikupangusa uso. Nilikukumbatia. Mtu angetuona angesema huyu ni mama mwenye upole. Lakini uliniuliza swali ambalo jibu lake ni hapana, na hapana sikuitoa.

Tangu wiki ile huweki maziwa kwenye chai. Wageni wakiuliza, mimi ndiye ninayewajibu: "Tumbo lake halielewani nayo." Tangu wiki ile hupiti karibu na mnyama bila kumshika sikio, hata mbuzi wa watu, hata mbwa wa jirani. Watoto wenzako walikuita Bibi Kupe na ulicheka nao. Nilikuwa nasikia kicheko chako kutoka dirishani, na nilijua tofauti yake na kicheko cha zamani, na nilirudi kusahihisha madaftari.

Na nilipata nafasi ya pili, usidhani sikuipata. Mwaka uliofuata nilimkausha Bihogo miezi miwili kamili. Nilimwondolea pumba, nikaruka ukamuaji, nikaacha kabisa, akanenepa. Mzee Shabani akachukua maziwa kwa mwingine, na baadaye akarudi mwenyewe. Dang'a ilitoka ya njano kama kiini cha yai, nzito, inavutika, na ndama jike akasimama kabla sijamaliza kumpangusa. Mama Yusta akapata ndama wake. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ukuta wa banda. Hukukaribia. Ulisema, "Mama, usimtoe nje." Siku ile ushahidi wote ulikuwa pale mbele yetu, ndani ya ndoo, na ilikuwa rahisi kukuita ushuke uone. Nilikwambia tu, "Sawa, hatatoka."

Kwa nini sikusema? Nimejaribu majibu mengi. Niliogopa kikundi kitamchukua Bihogo, lakini hofu hiyo iliisha Mama Yusta alipopata ndama wake. Niliogopa kuitwa mwizi wa majani. Hayo yote yana ukweli kidogo. Jibu ninaloliogopa ni kwamba nilikuwa nimezoea. Wewe ulikuwa mtoto mpole, ulibeba bila kelele, na kimya chako kilinifaa. Nilikuwa nakukamua na wewe, Skola, na kwa kuwa ulikuwa bado unatoa, sikuona sababu ya kuacha.

Sijui kama nitapata ujasiri wa kuisoma tena sentensi hiyo, kwa hiyo naendelea.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, Mama Yusta alikuja na zile karanga. Umemkuta ameshaanza utani wake: "Haya, daktari wa ng'ombe anahama! Masikio ya mbuzi wangu nimkabidhi nani?" Ulipopanda bodaboda alikusindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa, unavyomjua.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto anakwenda chuo au anakwenda kuungama?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Nilimuuliza juzi kisimani kwa nini mifugo, si uuguzi, si ualimu kama mama yake. Akanijibu, 'Nataka wasife tena.' Mtoto wa miaka kumi na saba anajibu hivyo? Nani alimwambia wanakufa kwa ajili yake?"

Nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kuhusu ndoo, na pumba, na zile siku nne, na matete yake ya kila Jumamosi. Alikuwa anamenya karanga, akaacha kumenya.

"Matete yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Nikiyabeba kichwani nikiwa na mimba ya Yusta."

"Ndiyo, Mama Yusta. Nisamehe."

"Ego, nimesikia. Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nina hasira." Akasimama, akajikung'uta maganda. Akafika kwenye geti, akageuka. "Mimi nilipata ndama wa pili, Mwalimu. Mtoto wako alipata nini?" Na akaenda zake.

Ndiyo maana nimefunga mlango naandika.

Kuna jambo linaloniogopesha kuliko hasira yako. Umechagua kazi ya maisha yako kwa sababu ya sentensi niliyoitoa bandani ukiwa na miaka tisa. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kulipa kosa usilolifanya. Ukiisha kujua, inawezekana hutataka tena kwenda. Inawezekana ulikuwa unataka kuchora, au kushona, au kukaa tu mwaka mmoja bila kushika sikio la mnyama yeyote. Sikuwahi kukuuliza, kwa sababu kukuuliza kungefungua mlango ule. Nakuuliza sasa. Ukisema huendi, nitakwenda nawe kurudisha tiketi na sitakutazama kwa jicho la mwalimu. Ukisema unakwenda kwa sababu unawapenda kweli, na nimekuona unavyomsemesha Bihogo ukidhani siko, basi nenda, lakini nenda ukiwa hudaiwi chochote na yeyote. Mimi ndiye ninayedaiwa.

Na huko maishani, popote utakapokuwa, utakutana na watu watakaokusifu kwa kile unachokitoa. Sifa ni tamu, mwanangu, najua ladha yake. Siku utakapohisi mbavu zako zinaanza kuonekana, acha, hata kama kuna mtu amepanga foleni. Mimi nilifundishwa hivyo na nikapiga mstari mwekundu, kwa hiyo sina hakika kwamba kuambiwa kunatosha. Naandika hata hivyo.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uisome ukiwa umeshapita Nyakanazi, mbali, ambako usingeweza kunipigia kelele na mimi nisingeiona sura yako. Nilipomaliza ukurasa wa pili nilikuwa nimeshachagua hata gauni la kuifungia. Kisha nikaona ninachokifanya: ningekuwa nimekuacha nalo peke yako tena, safari hii ndani ya basi. Hapana. Basi linaondoka kesho. Tuna jioni nzima ya wewe kunikasirikia nikiwa mbele yako, na kuuliza, na mimi kujibu. Hata ukikaa kimya, nitakaa hapo hapo. Na lile swali lako la jikoni, jibu lake ni hapana. Hapana, Skola. Hukuwa wewe.

Nasikia bodaboda imesimama. Unabishana na dereva kwamba amepitia njia ndefu, anacheka, na wewe unacheka. Unaita kuuliza kama Bihogo ameshapewa maji.

Bado. Natoa komeo. Nakuletea karatasi hizi mkononi.

Mama yako